Kisanduku cha Ukingo wa Nyasi

Birika ndilo lililotangulia kunyamaza. Merryn alilibandika jikoni asubuhi, akageuka kutafuta kikombe kisafi katika nyumba ambayo haikuwahi kuwa nacho, na alipogeuka tena maji yalikuwa yanachemka kwa fujo na mvuke unatoka, lakini mluzi wake haukusikika. Akalizima. Alidhani limechakaa tu, kama kila kitu kingine mle ndani.

Nyumba yenyewe ilikuwa Thornbury, Melbourne, mbao kwa nje na jasi kwa ndani, na aliyezijenga zile kuta Mungu amsamehe, maana Merryn hataweza. Mtu akipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anajifuta uso. Walikaa watatu. Alikuwepo Dougal, ambaye jina lake ndilo lililoandikwa kwenye mkataba na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau hilo. Alikuwepo Leilani, Msamoa mwenye kicheko cha kujaza nyumba, muuguzi wa zamu ya usiku ambaye asubuhi ndiyo saa yake ya kulala. Na Merryn alifanya kazi baa kila jioni, kwa hiyo saa yake ya kupiga gita ilikuwa hiyohiyo asubuhi, huku Leilani amelala upande wa pili wa ukuta. Ng'ambo ya barabara alikaa Ngaire na mumewe Todd, mpiga gita pia, na kichanga chao kilicholia kila siku kuanzia chai mpaka chakula cha mchana.

Amplifaya ya Merryn, ya kukuzia sauti ya gita, aliachiwa na marehemu baba yake. Ilikuwa ya zile za kizamani zenye taa za kioo ndani, na mashine hizo zina ukaidi wake. Ukiifungulia kidogo inatoa sauti nyembamba, kama nyuki ndani ya kopo. Utamu wake, ule mngurumo mzito unaokwaruza kidogo mwishoni, unakuja pale tu zile taa zinaposukumwa mpaka zielemewe, na hapo mtaa mzima unajua unapiga nini. Merryn alijaribu kila hila. Aliifunika mablanketi, akaigeuzia ukutani, akaifungia kabatini pamoja na makoti. Dougal akabandika karatasi kwenye friji kwamba hilo ni onyo la mwisho, na safari nyingine mtu atahama. Merryn alimchukia kwa moyo wake wote, na hata kumchukia ilimbidi amchukie kwa kunong'ona.

Ilikuwa ni wiki ya kutoa takataka kubwa. Pale kila mtu huweka asichokitaka kwenye ukingo wa nyasi mbele ya nyumba yake, lori la manispaa lije kuzoa, na kabla ya lori majirani hupita wakijichagulia bila aibu, wala hakuna anayeuliza kitu kilikuwa cha nani au kimetupwa kwa nini. Katikati ya viti vilivyovunjika Merryn aliona kisanduku cha chuma cheusi, ukubwa wa mkate, hakina jina la kiwanda. Alikijua ni cha nini. Unakiweka kati ya amplifaya na spika, nacho kinapokea nguvu zote kinaziyeyusha kuwa joto, spika ikabaki na kidogo tu. Alikibeba mpaka nyumbani kama aliyeokota mkoba wa mfalme.

Na kilifanya kazi. Aliifungulia amplifaya mpaka mwisho, akakamata uzi, na mngurumo wa baba yake ukatoka mzima, mnene, mtamu, kwa sauti ya mtu anayekusimulia siri. Merryn alilia. Kisanduku kilipata moto, kikatoa harufu ya nywele zilizoungua, naye hakujali.

Siku iliyofuata ndipo birika liliponyamaza. Kisha mbwa wa jirani akawa anabweka kwa mdomo tu. Mlango wa nyuma ukaacha kugonga. Dougal alifurahi, akasema hatimaye watu wamejifunza ustaarabu.

Kisha bibi yake Leilani akafariki, yule aliyemlea, na ukoo ukamwomba Leilani aimbe kwenye mazishi Jumamosi. Jumatano alikuja jikoni ameshika koo.

"Sis, sauti inakwenda," alisema kwa mkwaruzo. "Siumwi popote. Inakwenda tu."

"Umechoka, dada. Lala."

"Bibi alinifundisha ule wimbo nikiwa mapajani kwake. Nisipouimba mimi atauimba nani?"

Kufikia Alhamisi hakubaki hata mnong'ono. Daktari alimchungulia kooni, asione kitu. Na asubuhi hiyohiyo Merryn, akipiga taratibu chumbani, alisikia mwishoni mwa noti kitu ambacho gita halina: mtetemo wa joto, wa kifuani, kicheko cha mtu anayemjua. Alijua palepale. Na bado alipiga tena, mara moja, kwa sababu hajawahi kusikia sauti nzuri namna ile maishani mwake, na kwa hilo hasira aliyokuwa amemwekea Dougal ikageuka ikamkaba yeye mwenyewe.

Ijumaa jua likiwa limeshaingia dirishani alimkuta Leilani amekaa kitandani mwake, picha ya bibi mkononi, kinywa wazi, shingo imetutumka mishipa, anaimba kwa nguvu zote wala hakitoki kitu, machozi tu. Na nyuma ya ukuta, chumbani kwa Merryn ambamo gita lilikuwa limelala kitandani bila mkono wa mtu na amplifaya alikuwa ameizima mwenyewe, ukaanza kusikika ule wimbo, chini sana, mtamu sana, kwa sauti ya Leilani, na harufu ya nywele zilizoungua ikatambaa kupita chini ya mlango mpaka ikawafikia miguuni.

Merryn akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Taa za kioo zilikuwa zinawaka zenyewe.

"Ulitaka utamu bila kelele," spika ilinong'ona. "Ulidhani kelele zinakwenda wapi?"

"Mrudishie."

"Nikimrudishia, utabaki na nyuki wako kwenye kopo."

"Mrudishie sauti yake, mshenzi wewe."

Kisanduku kikacheka, na kicheko kilikuwa cha Leilani. Hapo Merryn alipandwa na hasira ambayo hajawahi kuipata, hasira ya miaka yote ya kunong'ona kwenye nyumba za watu, akazungusha vitufe vyote mpaka mwisho, akazipiga zile nyuzi kwa ngumi, kisha akakikamata kisanduku kwa mkono mtupu, ngozi ikaungua, akaking'oa pamoja na nyaya zake huku amplifaya ikinguruma, jambo ambalo baba yake alimkataza kabla hata hajamfundisha kushika gita, maana mashine isiyo na spika ya kuibeba inajiunguza. Na vyote vilivyomezwa vikatoka kwa pamoja: mluzi wa birika, mbwa, milango, ugomvi wa watu wasiojulikana, mtoto wa mtu fulani, mwanamke anayeomba asiachwe. Jasi ikapasuka kutoka darini mpaka sakafuni. Amplifaya ya baba ikafuka moshi, ikafa.

Kisha Leilani akasikika akilia kwa sauti.

Dougal alikuja mbio kusema kwamba Merryn ahame. Merryn alimjibu, na Dougal alijibiwa vizuri sana, na hakukuwa na kuta za kutosha Thornbury nzima kuyazuia maneno yale. Kisha akakichukua kisanduku, sasa kimepoa, akakitoa nje akakibwaga kwenye nyasi pamoja na sofa la mtu. Ndivyo mkono ulivyozoea kufanya.

Jumamosi Leilani aliimba, na wazee wa Kisamoa waliinama wakalia. Merryn alisimama nyuma, mkono umefungwa bendeji, hana amplifaya, hana chumba, moyo mweupe.

Jumapili asubuhi alikuwa anafunga mizigo huku akinywa chai. Mluzi wa birika ulimfurahisha. Alikuwa ameshamaliza kikombe alipotambua kwamba mtaa umetulia mno, na kwamba huu ndio wakati wa kichanga cha ng'ambo.

Akaenda dirishani. Kwenye nyasi sofa lilikuwepo, kisanduku hakikuwepo. Sebuleni kwa jirani Todd alikuwa ameinamia gita lake, kisanduku cheusi kando yake, anatabasamu, macho amefumba. Ngaire alikuwa amelala kochini, usingizi wa mtu aliyepumzika kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Na katikati yao kichanga kilikuwa kimelala katika kitanda chake cha fito, kinarusha miguu, uso umekuwa mwekundu, kinywa kimefunguka chote, kinalia, kinalia, hakisikiki.

Merryn alitoka bila viatu.