Tangi Lililokauka

Haya yalimpata rafiki yangu Zohaib, fundi bomba wa hapa Karachi. Mwenye jengo alimtuma akate maji ya Bi Nasreen, mjane aliyegoma kuhama.

"Mwanangu, nina homa. Niachie hata kikombe," bibi alimsihi.

"Si una machozi? Kunywa hayo!" mwenye jengo akacheka.

Zohaib akakata. Siku ya nne mjane alitolewa maiti, midomo imepasuka.

Kesho yake mchana, tangi la juu ya paa, lililojazwa asubuhi, lilikutwa kavu. Zohaib aliingia ndani na tochi kutafuta ufa. Hakuuona. Gizani, nyuma yake, kitu kikawa kinalamba taratibu. Akageuka, akamulika. Hapakuwa na mtu. Ila ukoga wa ukutani ulikuwa umelambwa, michirizi ya ulimi ikipanda hadi mfunikoni, na mate bado yakichuruzika.