Mgonjwa wa Majaribio

Mgonjwa wa majaribio alikuwa na joto la mwili.

Najiat aliliona asubuhi, alipofungua kompyuta kabla hajanywa chai. Akamwita Abbasi, fundi wa kompyuta wa hospitali.

"Abbasi, nani amempima Mgeni?"

"Mgeni gani?"

"Mgeni Ghalani. Yule wetu wa kubuni."

"Dada, mtu hayupo. Atapimwaje?"

"Ndiyo ninachouliza. Joto, presha, mapigo ya moyo. Vyote vimejazwa jana jioni."

Abbasi aliinama, akasoma, akakuna shingo. "Mfumo huo. Majaribio yana vituko vyake."

Hospitali ilikuwa ya Bi Fakhria, pale Chemchem, ndani ya nyumba ambayo mababu zake waliijenga enzi za misafara. Alitaka kuachana na mafaili ya karatasi. Kampuni mbili zilikuwa zimeleta mifumo yao ijaribiwe, na Najiat, mkuu wa wauguzi wanaohudumia wagonjwa majumbani, ndiye aliyepewa kazi ya kuipima na kusema upi ununuliwe. Wauguzi waliita mmoja kijani na mwingine bluu, kwa rangi za skrini. Kijani kilijua wodi, maabara na dawa zilizobaki stoo, lakini nje ya geti la hospitali hakikujua kitu. Bluu ilikaa kwenye simu, ikafanya kazi hata kijijini Ntalikwa kusiko na mtandao, kisha ikatuma taarifa muuguzi akirudi mjini. Ila ukiiuliza dawa, ilikaa kimya. Mifumo hiyo haikuwasiliana. Kila kitu kiliandikwa mara mbili, na mara mbili kilikosewa.

Masharti yalikataza kutumia wagonjwa wa kweli. Wakahitaji wa kubuni, mwenye jina lisilo la mtu yeyote mjini. Bi Fakhria alicheka.

"Mwandikeni Mgeni wa Ghalani."

Hivyo ndivyo bibi yake alivyomwita yule asiyeonekana aliyekaa katika ghala la nyuma, ambamo wapagazi walikuwa wakitua mizigo yao. Kila Alhamisi jioni aliwekewa chetezo cha ubani mlangoni. Bibi alipofariki, ubani ukakoma. Ghala sasa lilikuwa chumba cha mitambo ya kompyuta.

Kijani kilimpokea Mgeni bila maswali. Bluu ilikataa kuendelea bila nyumba ya mgonjwa na ndugu wa karibu mwenye simu inayopatikana. Najiat alikuwa na watu wanaomsubiri kufungwa vidonda. Akajaza namba yake mwenyewe na nyumba yake mwenyewe.

Siku hiyohiyo Getruda, muuguzi mwenzake, alijaribu kumruhusu mgonjwa mwingine wa kubuni. Simu yake ikalia. Akasoma kwa sauti: "'Mgonjwa wako ameruhusiwa. Asante kwa kutuchagua. Karibu tena.' Jamani! Nani anamwambia mgonjwa karibu tena? Kwetu ungerushiwa kiatu."

Najiat alimpigia Wenceslaus, mwakilishi wa kampuni ya bluu, aliyekuwa Dar es Salaam.

"Tutauondoa ujumbe huo, dada. Hilo dogo sana."

Nyumbani Najiat aliishi na mama yake, Bi Salmini, aliyepigwa na kiharusi mwaka uliopita. Mama alikuwa ameanza kushika kikombe mwenyewe. Jioni ya lile joto, Najiat alipompima, presha ilikuwa imeshuka na mkono umelegea. Akaandika kwenye kadi ya mama, kisha akatazama vipimo vya jana vilivyoandikwa juu yake. Alivijua. Ndivyo alivyovisoma asubuhi kwenye rekodi ya Mgeni, namba kwa namba.

Adhana ya magharibi ikaisha. Nje ya mlango kitu kizito kikatuliwa chini.

Najiat alifungua. Kibaraza kilikuwa kitupu. Palinuka tumbaku mbichi na jasho.

"Nani huyo?" mama aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna mtu, mama."

"Mbona anahema?"

Kesho yake Mgeni alikuwa na presha nzuri zaidi, na mama hakuweza kumeza uji. Najiat alipiga simu kampuni ya kijani. Wakamwambia tatizo liko kwa wenzao. Akampigia Wenceslaus.

"Kwetu hakuna tatizo, dada. Nimeifungua rekodi yake hapa. Mgonjwa wenu anaendelea vizuri sana."

"Hayupo huyo mtu! Mfuteni."

"Rekodi ya mgonjwa haifutwi. Mpaka aruhusiwe, au afe."

"Basi mwueni."

"Kifo kinataka sahihi ya daktari aliyeuona mwili."

Najiat aliweka simu mezani polepole, maana alikuwa karibu kuitupa ukutani.

Jioni ile kishindo hakikusikika nje. Kilisikika ndani, ukumbini, na baada yake zikaja nyayo za mtu aliyetembea kutwa, zikivutwa sakafuni, zikapita jikoni, zikapita mlango wa chumba cha Najiat, zikafika kwa mama, na Najiat alipokimbilia humo alimkuta mama amegeukia ukuta, macho yamefumbwa, na kando yake godoro limebonyea kama lililokaliwa na mtu mzima, na harufu ya tumbaku imejaa mpaka kwenye shuka, na kile kipimo cha presha, ambacho hakuna aliyekigusa, kinajaa upepo chenyewe, kinabana mkono usiokuwepo.

Bi Salmini alinong'ona bila kufumbua macho. "Mwambie asogee. Ananimaliza."

Asubuhi Najiat alimwacha mama mikononi mwa Getruda, akaenda Ntalikwa kwa Maalim Hamoudi. Alikuwa mgonjwa wake, mwenye sukari na kidonda mguuni, na kabla ya kuugua alikuwa akitoa majini yaliyowapanda watu. Najiat alimwamkia, akaanza kufungua bandeji huku akisimulia.

"Hakuja kwa ubaya," Maalim alisema. "Mlimwachia njaa ghalani. Kisha wewe ukampa jina, ukampa nyumba, ukajiandika ndugu yake. Sasa anakula chungu kimoja na mama yako."

"Nimfukuze vipi, Maalim?"

"Utamfukuzaje nduguyo? Muage. Alipoingilia ndipo atokee, huko kwenye simu zenu. Mfukizie ubani, mfungie chakula cha njiani, msindikize mpaka njia ya zamani ya misafara. Ningeenda mimi, lakini mguu wenyewe unauona."

"Ni hayo tu?"

"Jambo moja. Usimkaribishe tena. Hata kwa mazoea ya mdomo. Ukimkaribisha tena, hana safari nyingine."

Njiani kurudi mjini, mtandao uliporudi, Najiat alikumbuka ule ujumbe wa bluu. Akapiga simu papo hapo.

"Wenceslaus, yale maneno ya mwisho mmeyaondoa?"

"Yaliondolewa tangu juzi, dada. Uwe na amani."

Kwenye kijani Abbasi alimruhusu Mgeni mchana huo. Alasiri Najiat alifukiza ubani chumbani kwa mama, akafunga mihogo na karanga katika kitambaa, akatoka kwa miguu. Hakugeuka. Nyayo zilimfuata, kwanza nzito, kisha nyepesi kadiri nyumba zilivyokwisha. Mahali njia ya zamani ilipoingia porini, akaweka kifurushi chini. Mtandao haukuwepo. Alifungua bluu, akabonyeza *ruhusu mgonjwa*. Simu ikajibu: itatumwa ukipata mtandao.

"Safari njema," alisema. Hakuongeza neno. Upepo ulipita kwenye majani, na harufu ya tumbaku ikaondoka nao.

Jua lilikuwa limezama alipofika nyumbani. Getruda alimpokea mlangoni akicheka na kulia. Mama alikuwa ameegemea mto, kikombe mkononi.

"Uji hauna sukari huu," Bi Salmini alisema. "Mnaniona mfungwa?"

Najiat alikaa kitandani, akaushika ule mkono. Ulikuwa na nguvu. Mfukoni simu ikapata mtandao, ikatetemeka. Aliitoa bila haraka.

*Ndugu Najiat, mgonjwa wako Mgeni Ghalani ameruhusiwa. Asante kwa kutuchagua. Karibu tena.*

Aliusoma mara ya pili, akatafuta namba ya Wenceslaus. Kabla simu haijaita, mzigo ulituliwa kando ya kitanda, na kikombe kikamponyoka mama mkononi.