Jua la Penseli

Kila akitoka shule, Wan-ju alivua viatu vilivyojaa maji mlangoni, akatundika koti la mvua, kisha akaenda kuchungulia kama kompyuta ina nafasi. Katika mji wa Keelung mvua haina msimu. Inanyesha tu, na watu wameizoea kama jirani mwenye kelele.

"Umekula?" Bibi akauliza kutoka jikoni, ingawa alijua hajala. Alikuwa anakaanga keki za figili.

"Bado, Bibi. Kaka amemaliza?"

"Muulize mwenyewe. Mimi ananijibu 'mm' tu."

Kaka yake, Po-hsun, alikuwa ameinamia skrini na kalamu ya kuchorea mkononi, bado amevaa aproni ya mkahawa wa kifungua kinywa anakofanya kazi kuanzia alfajiri. Alikuwa anatengeneza filamu fupi ya katuni ya kuombea nafasi katika chuo cha sanaa Taipei. Ilimhusu kikongwe mmoja anayebeba blanketi zito mgongoni, akizunguka mji mzima kutafuta jua la kulianikia. Kikongwe huyo alitembea kwa miguu ya Bibi na kugomba kwa mdomo wa Bibi. Bibi alijifanya haoni. Katika tukio la mwisho, jua linachomoza juu ya bandari na blanketi linatandazwa. Filamu ilitakiwa kutumwa kabla mwezi haujaisha.

Adui yao alikuwa kompyuta yenyewe. Ilikuwa kuukuu, na kila Po-hsun alipofungua michoro mingi kwa pamoja iliganda, akaenda kuoga, akarudi akaikuta bado imeganda.

Katika nyumba ile, fundi alikuwa Wan-ju. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini kwa kutazama video alikuwa amejifunza kufungua kasha, kusafisha feni na kubadilisha nyaya. Po-hsun alijua kuchora, na ndani ya kasha hakutaka hata kuchungulia.

"Jumamosi nina zamu," akamwambia, akimpa bahasha nyekundu. Ndani yake mlikuwa na akiba yake ya mshahara na zawadi zao wote wawili za mwaka mpya. "Nenda kwa Mama Kuo, ununue memori zaidi. Hiyo tu. Wewe ndiye fundi wetu, Wan, nakuamini."

Laiti angejua siku hiyohiyo Kai-ting alikuwa amesema nini darasani. Kai-ting alikuwa kiongozi wa timu yao ya gemu, na ulimi wake haukuwa na breki.

"Jumapili ya wiki ijayo tuna mashindano," alisema, "na Wan-ju wetu akiingia vitani, sisi tunakufa, tunazikwa, yeye bado anasubiri ramani ifunguke."

Wote walicheka. Wan-ju naye alicheka, lakini maneno yale hayakumtoka hadi Jumamosi.

Duka la Mama Kuo lilikuwa ghorofa ya pili, karibu na stesheni, maboksi yamepangwa hadi darini. Mama Kuo alikuwa anakula tambi. Alisogeza bakuli pembeni.

"Mashine ya kazi gani, binti?"

"Ya kuchorea, mama. Kaka yangu anatengeneza filamu."

"Basi memori. Memori ni meza ya kufanyia kazi. Meza ikiwa ndogo, ukitaka karatasi nyingine lazima uangushe ya kwanza."

Wan-ju alikuwa amesikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye kabati la kioo. Mle mlikuwa na kadi ya picha iliyotumika, yenye feni mbili na taa za zambarau. "Na ile?"

"Ile ni ya watu wa gemu, inakimbiza picha. Nzuri, ila inatoa joto kama jiko. Kasha lenu likoje?"

"Dogo. Lina matundu juu."

"Ukiweka ile, pale juu paachwe wazi kabisa." Mama Kuo alimtazama. "Sasa kaka yako anataka ipi?"

Wan-ju alihisi masikio yakiwaka moto. "Ile," akasema. "Kaka anataka ile."

Pesa za memori zilitosha kadi ile na kuisha. Jioni aliifunga mwenyewe, akafunika kasha, akakaza skrubu zote.

"Memori imeingia?" Po-hsun akauliza.

"Imeingia, kaka."

Kwenye gemu, kweli mambo yalibadilika. "Kumbe ulikuwa mtu," Kai-ting alimwambia kwenye vipokea sauti, na Wan-ju akacheka kwa furaha. Furaha hiyo haikufika mbali. Jumatatu Po-hsun, akiamini sasa ana nafasi ya kutosha, alifungua tukio la mwisho lote kwa mara moja, na programu ikaganda, ikajifunga, ikapoteza kazi yake ya siku nzima.

Hakuilaumu mashine, na hapo ndipo uchungu ulipoanza. Alijilaumu mwenyewe.

"Memori tumeongeza, na bado," akasema taratibu. "Basi tatizo ni mimi. Nachora ovyo. Wenye vipaji wanatumia mashine mbovu kuliko hii na kazi zao zinapendeza."

Akaanza kupunguza. Alifuta mawingu, akafuta miavuli ya watu sokoni, akafuta paka aliyekuwa anamfuata kikongwe. Wan-ju alimpenda sana yule paka. Alisimama nyuma ya kiti akitazama vitu vikitoweka kimoja kimoja. Nikimaliza mashindano nitasema, alijiambia. Nitairudisha kadi, nitasema.

Bibi naye hakukaa bure. Alirudi kutoka dukani na pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, akaiweka juu ya kompyuta kwa mikono miwili. Hivyo ndivyo wanavyofanya benki, stesheni, hata hospitali, ili mashine itulie na kutii. Iwe ya kijani tu. Ya njano ni kujitafutia balaa. Na isiwe imepitwa na tarehe.

"Tulia, mwanangu," aliiambia kompyuta. "Umewekewa kitu kipya mwilini, bado hujakizoea. Msaidie mjukuu wangu."

Kesho yake iliganda tena, akaongeza pakiti ya pili. Kisha ya tatu, na ya nne. Zilijipanga juu ya kasha lile dogo hadi matundu yote yakafunikwa.

Wan-ju aliliona hilo mara moja. Sauti ya Mama Kuo ilimrudia wazi: pale juu paachwe wazi. Lakini angeelezaje habari ya joto bila kueleza habari ya kadi?

"Bibi, labda zikae pembeni."

"Kwa nini? Hospitali zinakaa juu. Wewe unawazidi madaktari?"

"Hapana, Bibi."

Akanyamaza. Kati ya makosa yake yote, hilo ndilo lililokuja kumtesa zaidi.

Jumapili ya mashindano, Wan-ju alikuwa anasubiri zamu yake ya kompyuta na Po-hsun alikuwa anamalizia jua. Lilikuwa jua zuri ajabu, rangi ya kiini cha yai lililotiwa chumvi, na mwanga wake ulikuwa unaanza kugusa ukingo wa blanketi. Feni zilianza kuvuma. Harufu ya plastiki iliyopata moto ikaenea sebuleni, kisha skrini ikawa nyeusi.

Po-hsun aliiwasha tena. Iliwaka, lakini faili la tukio la mwisho halikufunguka. Alijaribu, akajaribu tena, akajaribu kwa njia nyingine. Nakala aliyokuwa nayo kwenye flashi ilikuwa ya zamani, kabla hata bandari haijachorwa. Hatimaye aliirudisha kalamu kwenye kisanduku chake, akakifunga.

"Basi," akasema.

"Basi nini?" Bibi akauliza.

"Nitamwambia bosi anipe na zamu za mchana. Chuo si cha watu kama mimi."

Wan-ju alitamani kaka yake apige meza, atukane, avunje kitu. Po-hsun alikaa tu, mikono mapajani, kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

Bibi alivaa miwani. Alichukua pakiti moja, akaigeuza, akaisogeza dirishani asome tarehe nyuma yake. Akachukua ya pili.

"Huenda nimeweka iliyopitwa na tarehe," alinong'ona. "Macho yangu haya. Huenda kosa ni langu."

Wan-ju hakuweza tena. "Bibi, ziache. Pakiti hazina kosa. Ni mimi."

Alisema yote, akilia, kuanzia kadi hadi joto hadi matundu.

Po-hsun hakumkaripia. "Ungeniambia Jumatatu," alisema, "leo ningekuwa bado nina jua langu." Akaingia chumbani, akafunga mlango polepole. Wan-ju angefurahi zaidi kama angeubamiza.

Kesho yake Bibi alimpeleka kwa Mama Kuo, akakaa kwenye kigoda kumsubiri.

"Nilikudanganya, mama," Wan-ju alisema. "Kaka alitaka memori."

Mama Kuo aliikagua kadi, akaipokea, akatoa memori badala yake. Kuhusu faili alijaribu kila alichojua, kisha akatikisa kichwa. "Memori ninayo, nauza. Kazi iliyopotea sina, wala hakuna duka linaloiuza."

Kompyuta sasa ilikuwa nyepesi, haikuganda hata mara moja. Siku za kuchora upya ndizo hazikuwepo. Po-hsun alichora tukio la mwisho kwa penseli, kwenye karatasi, na Wan-ju akapiga picha karatasi moja baada ya nyingine. Walifanya kazi bega kwa bega na hawakusemezana ila "hii" na "ile." Filamu ilitumwa hivyohivyo: mji wote una rangi, na mwishoni linachomoza jua la kijivu.

Majira ya joto yalipofika, jibu lilikuja. Po-hsun hakuchukuliwa. Sababu hawakueleza.

"Nitaomba tena mwakani," alisema, akafunga aproni akaenda kazini. Wan-ju alibaki mezani na bakuli la wali asiloweza kulimaliza.

Bibi alikaa mbele yake. Mkononi alikuwa na pakiti mpya ya kijani.

"Kabla sijaiweka," alisema, "kuna lolote la kuniambia?"

"Hakuna, Bibi."

"Una hakika?"

Wan-ju alifikiri kwa kweli, kisha akasema, "Nina hakika."

"Haya." Bibi aliiweka mezani, kando ya kompyuta, mbali na matundu. "Niliibembeleza mashine wiki nzima na haikuwa na la kunieleza. Wewe ulikuwa nalo, na wali wangu unakula kila siku. Sikiliza, mjukuu wangu. Ile kadi lilikuwa kosa la siku moja. Ungekaripiwa, ungelia, tungekula, yangeisha. Kunyamaza ndiko kulikolichukua jua la kaka yako. Ukikosea tena, na utakosea, sema siku hiyohiyo, aibu ikiwa bado ndogo."

"Nimesikia, Bibi."

Mchana Po-hsun alirudi, akala, akakaa kwenye kompyuta bila kubadili nguo. Alichora kwa muda mrefu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akaita.

"Wan. Njoo uone. Jua hili zuri?"

Wan-ju alisogea. Lilikuwa jua la njano, safi, halina kasoro. Alitamani kusema ni zuri. Alitamani kuliko kitu chochote, ili kaka yake ageuke na kumtabasamia.

"Lile la kwanza lilikuwa zuri zaidi," akasema.

Po-hsun aligeuka.

"Najua," akajibu. Akalifuta, akavuta kiti cha pili karibu yake, akaanza upya.