Sauti ya Mwisho ya Wiebke

— Rudia, mpenzi. Kuanzia pale unapoanza kukwaruza.

Sauti ya Lennart ilimwingia Wiebke moja kwa moja sikioni. Alikuwa peke yake jukwaani na viola yake, ile fidla kubwa yenye sauti nzito. Lennart, mtunzi, alikuwa nyuma kabisa ya ukumbi, kwenye meza ya mitambo, kidole kikiwa juu ya kitufe chekundu. Akikibonyeza, anasikika kwenye kisikizio cha Wiebke. Akikibonyeza tena, hasikiki. Ndivyo wanavyofanya kazi watu wa muziki huu mpya, maana spika zikishaanza kunguruma, hata upige kelele za mwizi hakuna atakayekusikia.

— Nikwaruze kwa nguvu, au kama ilivyoandikwa?

— Lini wewe ulicheza tofauti na ilivyoandikwa?

Wiebke akacheka. Kweli, hajawahi. Wachezaji wenzake pale mjini Köln, Ujerumani, walimwita Bi Nukta. Walisema hata nzi akiichafua karatasi ya muziki, Wiebke atauliza hiyo nukta ichezwe vipi.

Muziki wenyewe, ukiusikia mara ya kwanza, unaweza kudhani jirani anahamisha makabati. Lakini Köln kuna watu wanaoacha chakula mezani na kuukimbilia, na mimi ni mmoja wao, kwa hiyo sitaki matusi. Bango lilikuwa nje ya ukumbi wa redio, juu kabisa kwenye orodha ya matamasha yajayo: ALHAMISI, KAZI MPYA YA LENNART BRÜCKNER, MCHEZAJI WIEBKE HARMS. Redio ingerusha moja kwa moja.

Kilichowafanya watu wagombanie tiketi kilikuwa ukurasa wa mwisho. Ulikuwa na sauti moja tu, noti moja ya kuvutwa kwa upinde wa viola, na chini yake maelezo ambayo yangechapwa pia kwenye kijitabu cha tamasha, kila mtu ayasome: "Mchezaji aishike sauti hii kwa muda wote ambao bado anampenda mtunzi."

Lennart aliuandika ukurasa ule majira ya baridi yaliyopita. Wakati huo Wiebke alikuwa amekataa kazi ya kudumu kwenye okestra ya opera kule Hannover, kazi yenye mshahara na pensheni, ili abaki naye kwenye vyumba vyao viwili mtaa wa Ehrenfeld. Lennart alimpa ukurasa huo asubuhi moja, wakiwa mezani na mikate na jemu.

— Hii ndiyo pete yangu kwako, alimwambia. Tukimaliza tamasha, tunakwenda kwa msajili wa ndoa.

Wiebke alilia mpaka jemu ikaingia chumvi. Tangu siku hiyo, kila mazoezi yakifika ukurasa wa mwisho, aliishika sauti ile hadi Jupp, fundi mitambo, akatoka nje kuvuta sigara, akarudi, akaikuta bado inalia.

Siku hiyo ya mazoezi, Jumanne, mlango wa ukumbi ulifunguka na Carola Wendt akaingia na kikombe cha kahawa. Carola ndiye mkuu wa tamasha kubwa la mwaka. Mtunzi akipendwa na Carola, mwakani anachezwa nusu ya miji ya Ujerumani. Asipopendwa, anafundisha piano watoto wa majirani.

— Pumzika kidogo, mpenzi, Lennart akamwambia Wiebke sikioni. Jupp, nenda kavute.

Akageuka kumpokea mgeni. Kitufe akakisahau.

Wiebke alikuwa amepiga magoti jukwaani, anabadilisha uzi wa viola, mkate wa chumvi mdomoni, kisikizio bado sikioni.

— Bado hujamwambia? Ilikuwa sauti ya Carola.

— Taratibu, Carola.

— Taratibu nini? Mimi mume wangu anajua. Nimeshahama. Nalala kwa rafiki kama mwanafunzi, wewe bado unakula mikate na huyu.

— Nitamwambia Ijumaa. Alhamisi acheze kwanza. Ikisharekodiwa, yule kijana mpiga viola wa Basel ataisikiliza na kuiga, na matamasha yote yajayo nitamchukua yeye. Nikimwambia leo, atavunjika. Na hakuna mwingine anayeweza kuicheza.

— Na ile sauti ya mwisho? Atatushikia tena mpaka tuzeeke?

Lennart akacheka. Wiebke alikijua kile kicheko, alikuwa akidhani ni chake peke yake.

— Umeshaona mbwa aliyefungwa nje ya duka? Mwenyewe yuko ndani anachagua jibini, yeye kakodolea mlango tu. Basi ndiye Wiebke huyo. Ukimfunga, anasubiri.

— Mkatili wewe! Lakini Carola naye alikuwa anacheka.

— Mkatili, ila sauti ile inasikika vizuri, au uongo?

Kisha ikasikika busu. Kisikizio kile kilikuwa cha bei, hakikuacha kitu.

Mkate ulibaki mdomoni kwa Wiebke, haumezeki, hautemeki. Alimaliza kufunga uzi kwa sababu mikono haikujua kazi nyingine ya kufanya. Aliumia, jamani.

Carola alipoondoka, Lennart akabonyeza kitufe ili amwite, kumbe ndiyo anakizima. Wiebke akamwona midomo inacheza, hasikii kitu.

— Jupp! Hii mashine yako imeoza! Lennart akafoka, akabonyeza tena. Haya, mpenzi, unanisikia sasa?

— Nakusikia vizuri sana, Lennart.

Alipofika nyumbani, Wiebke alimpigia dada yake, Gesche, kule kwao Oldenburg. Alimweleza yote, hata la mbwa.

— Vunja hiyo viola kichwani kwake! Gesche akalipuka. Na usicheze. Alhamisi waambie unaumwa, akacheze yeye na huyo mama wa watu.

— Nisipocheza, watasema Wiebke hana nidhamu, kaona tamasha kubwa kaogopa. Yeye ataonewa huruma. Hannover nimeshaipoteza, Gesche, jina langu pia nilipoteze?

— Kwa hiyo utamchezea? Ndiyo, bwana? Sawa, bwana?

— Nitacheza kilichoandikwa.

— Wewe mdogo wangu una ugonjwa.

— Njoo Alhamisi. Njoo na gari kubwa, nina mizigo.

Siku mbili zile, Wiebke alikuwa sukari. Alimpigia pasi shati jeusi la tamasha. Jumatano Lennart alimtumia ujumbe akiwa "kwenye kikao": "Kesho ni siku yetu. Nakupenda." Wiebke akajibu: "Siku yetu." Akaweka na moyo mwekundu, akaenda kukunja nguo zake za safari.

Asubuhi ya Alhamisi, wakinywa kahawa, alimuuliza:

— Ile sauti ya mwisho, redio haitachoka? Nikiishika fupi, utakasirika?

— Nikasirike nini? Lennart akapaka siagi yake. Ishike unavyojisikia. Ndivyo ilivyoandikwa.

— Ndivyo ilivyoandikwa?

— Ndivyo ilivyoandikwa, Bi Nukta wangu.

Jioni ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Lennart alikaa safu ya tatu, shati limenyooka, kwa sababu mtunzi hukaa kati ya watu mpaka mchezaji amwinulie mkono kumwita jukwaani. Carola alikuwa kiti cha pembeni yake. Magoti yao yalikuwa karibu kuliko kazi inavyohitaji, na watu wa Köln si vipofu.

Wiebke akaingia. Akacheza.

Sijawahi kusikia viola ikiteswa vizuri namna ile. Alikwaruza, akanong'oneza, akaburuza upinde juu ya karatasi ya bati mpaka mgongo ukanisisimka. Spika zikamjibu kutoka pembe nne. Lennart alifumba macho kwa raha. Carola alimshika mkono, akausahau pale.

Ukurasa wa mwisho ukafika. Wiebke akauinua upinde, akauweka juu ya uzi, akabaki hivyo. Ukumbi wote ukazuia pumzi.

Kisha akauondoa.

Hakutoa sauti hata kidogo. Alichomoa kisikizio sikioni, akakilaza taratibu kwenye kinara cha kuwekea karatasi za muziki, akashusha viola, akasimama akimwangalia Lennart.

Watu wakaanza kufunua vijitabu. Mzee mmoja mwenye skafu, safu ya nne, akamsomea mkewe asiyesikia vizuri:

— "Mchezaji aishike sauti hii kwa muda wote ambao bado anampenda mtunzi."

— Sasa mbona hachezi? mke akauliza kwa sauti ya kiziwi, iliyofika mpaka kwenye vipaza sauti vya redio.

— Ndiyo hivyo, Trude. Hachezi.

Mtu mmoja akaangua kicheko. Wa pili akafuata. Kisha watu wote, kama waliopangwa, wakamgeukia Lennart, wakamwona amefumbua macho, wakauona na mkono wa Carola ulipo. Carola aliurudisha haraka, ikawa amewaonyesha hata wale ambao hawakuwa wameuona.

Makofi yakapasuka. Watu wakasimama. Na Wiebke, kama adabu ya ukumbi inavyotaka, akanyoosha mkono wake kumwita mtunzi.

Lennart angefanya nini? Ukiitwa, unakwenda. Alipanda ngazi, akashikwa mkono, wakainama pamoja. Waliongea huku wanatabasamu, meno nje.

— Umefanya nini?

— Inama, Lennart. Watu wanakuangalia.

— Sauti yangu iko wapi, Wiebke?

— Kamuulize yule mbwa wa dukani.

Tabasamu la Lennart likabaki mdomoni lakini rangi ikamtoka.

— Ulisikia... ulisikiaje?

— Kitufe. Hukukizima. Inama tena, bado wanapiga makofi.

— Mpenzi, yale yalikuwa maneno tu, unajua Carola anapenda...

— Uliniambia niishike ninavyojisikia. Si ndivyo ilivyoandikwa?

Akamwachia mkono. Akamwacha peke yake katikati ya jukwaa, anainamia watu wanaomcheka, na yeye akatoka kwa mlango wa pembeni. Nyuma ya kioo mtangazaji wa redio alikuwa anahangaika: "Wasikilizaji wapenzi, redio zenu hazijaharibika, hivi ndivyo, eeh, hivi ndivyo kazi ilivyoishia usiku wa leo..."

Lennart aliposhuka, simu ilitetemeka mfukoni. Mama yake: "Lenni, mwisho umekatika! Baba yako ameipiga redio makofi. Vipi, Wiebke hakupendi tena, au ni sisi tu hatukusikia?"

Carola alikuwa tayari amevaa koti.

— Carola, subiri. Alikuwa amesikia yote siku ile. Kitufe kilikuwa wazi.

— Yote? Hata la mbwa?

— Hata la mbwa.

— Na mimi nikikusubiri, utaniitaje?

Siku ile Carola alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Leo kwa kuwa watu wamemkodolea macho, ndipo neno la mbwa limemuuma. Lakini sikumlaumu, alikuwa ameacha nyumba yake.

— Carola, tumepanga matamasha mangapi? Kazi hii itazunguka mwaka mzima...

— Itazunguka wapi? Kila ukumbi utakaokwenda, watu watasubiri kuona kama mchezaji anakupenda. Huyo kijana wa Basel naye akupende? Usinipigie, Lennart. Wala tamasha la mwakani usilitegemee.

Akaondoka. Viatu vyake vilisikika mpaka barabarani. Lennart akabaki na shati lake lililopigwa pasi na Wiebke, watu wanampita na kumpa pole ya midomo iliyojaa kicheko.

Kule nyuma, kwenye maegesho, Gesche alikuwa ameshapakia masanduku yote. Alimpokea mdogo wake kwa shangwe, akamrukia shingoni.

— Nimesikiliza ndani ya gari! Nimepiga honi peke yangu kama mwehu! Umemmaliza! Na hana la kusema, maana umecheza kilichoandikwa!

Wiebke akaweka viola kiti cha nyuma, akaifunga mkanda kama mtoto. Akaingia mbele, akafunga mlango. Walipovuka daraja la mto Rhein, Gesche akageuka kumtazama, akakuta uso wote umelowa.

— Weh! Unalia nini tena? Si umeshinda?

— Gesche, wewe hujui kusoma muziki.

— Najua kusoma kijitabu. Kimesema ushike kwa muda ambao bado unampenda. Hukushika. Kilichoandikwa ndicho ulichocheza.

Wiebke akatikisa kichwa, akayafuta macho kwa mkono uleule uliokuwa umeshika upinde.

— Sikucheza. Leo ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu sikucheza kilichoandikwa.

— Una maana gani?

— Ningecheza kilichoandikwa, dada, saa hizi ningekuwa bado niko jukwaani.