Pini ya Bawa Niliyoitia Mfukoni

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na sita, mkazi wa Nkende, mjini Tarime. Nina mke, watoto wanne na duka dogo la vipuri vya baiskeli. Ukinikuta dukani utaniona mtu wa kutaniana na wateja... lakini kuna jambo nimelibeba miaka mingi bila kumwambia mtu. Leo nalisema. Mnaotaka kunitukana mnitukane, ila nisomeni kwanza mpaka mwisho.

Miaka ile dhahabu ilipopanda bei nilikuwa machimboni Nyangoto na rafiki yangu Saidi. Saidi alikuwa fundi, mzaliwa wa Mugumu, Mwislamu mpole asiyejua kugombana. Mimi ni Mkurya wa Gorong'a, na hasira zangu huwa ziko karibu. Tulikuwa na karasha moja la kusagia mawe ya dhahabu, nusu yake, nusu yangu.

Hapa ndipo balaa lilipoanzia. Machimboni hakuna anayemwamini mwenzake, hata awe wa tumbo moja. Kila jioni mimi niliondoka na mkanda wa karasha na Saidi akaondoka na hendeli ya kuwashia injini. Asingeweza kusaga bila mimi, wala mimi bila yeye. Hatukuona kuwa ni tusi. Tulikwenda kunywa chai pamoja, mimi na mkanda begani, yeye na chuma chake mkononi, tukicheka.

Mungu akatujalia tukapata mawe mazuri. Wenzetu wakajenga, wengine wakaongeza wake. Sisi tukanunua ndege!

Naam, ndege. Si hizo kubwa mnazozijua. Kilikuwa kitu chepesi cha viti viwili, kigari cha magurudumu matatu, injini nyuma, na juu yake bawa moja la kitambaa. Tuliinunua kwa rubani mstaafu wa upande wa Kenya. Alituambia matajiri wa dhahabu watagombania kupanda ili waone mto Mara kutoka juu. Siku aliyoturusha mmoja mmoja, Saidi alishuka machozi yanamtoka kwa furaha. Alisema ameona nyumbu kwa mbali, upande wa Serengeti, wametapakaa kama ulezi ulioanikwa. Mimi nilitapikia viatu vyangu mwenyewe, na tangu siku hiyo sikupanda tena.

Bei yake ilikuwa bei ya lori, na huo ulikuwa mwanzo tu. Mafuta safi, kitambaa kipya, masomo ya urubani, kibali... Kila kitu cha ndege ni ghali kwa sababu tu ni cha ndege! Yule rubani alitushauri tuchukue pia mwavuli wa dharura, ule wa kuishusha ndege nzima taratibu ikiharibikia angani. Saidi aliutaka sana. Mimi nikasema tutaununua baadaye. Baadaye ipi, jamani?

Saidi akasoma mpaka akapata kibali. Mimi nikabaki na nusu ya kitu ambacho siwezi hata kukisogeza. Karasha nililijua, ningeweza kuliwasha na kulizima. Huku mwenzangu anapaa, anakwenda anakotaka, anaona anachoona... na mimi nimesimama chini kwenye nyasi, shingo imepinda kwa kumwangalia. Nitajuaje anafanya nini huko?

Basi nikafanya nilivyozoea machimboni. Palikuwa na pini moja ya chuma, ndefu kama kidole cha kati, iliyofunga bomba la mbele linaloshikanisha bawa na kigari. Kila jioni niliichomoa nikaondoka nayo. Saidi akabaki na ufunguo wa injini. Rubani mstaafu alikuwa ametuonya kwamba pini za ndege haziguswi ovyo, na kabla ya kuruka kila moja ishikwe kwa mkono. Saidi aliniomba nichukue ufunguo badala yake. Nikakataa. Fundi kama yeye si angewasha injini hata kwa kijiko?

"Ndege si karasha, Mwita," aliniambia. "Karasha likikosa mkanda linagoma. Hii ikikosa pini inaruka."

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu haya mawili. Nikaona ni ujanja wa kutaka nimwachie pini.

Haukupita muda akaanza kuniomba nimpelekee pini alfajiri, kabla ya wateja. Anaruka peke yake, anarudi baada ya nusu saa. Nikimuuliza, anasema anajaribu injini. Kila siku anajaribu injini? Akishuka anajitenga na simu nyuma ya banda la ndege, anaongea kwa sauti ya chini. Nikisogea, anakata.

Siku moja dalali mmoja wa dhahabu akanivuta pembeni pale Nyangoto. Akanieleza kwamba ndege yetu inaonekana kila asubuhi ikizunguka Gorong'a, mara mbili, mara tatu. Akaniambia mwenzangu ameona mwamba wa dhahabu kutoka juu na ananizunguka. Gorong'a! Kwetu, nilikozaliwa! Saidi angetafuta nini kwetu kama si dhahabu?

Tangu hapo sikuwa na raha. Nilikagua matope ya magurudumu. Nilipima mafuta kwa kijiti. Alipokuwa anaswali niliichukua simu yake, nikakuta jina moja limepigiwa kila siku: "Mzee". Mzee gani? Nikajijibu mwenyewe kwamba ni tajiri anayemlipa. Nilipomuuliza ana siri gani Gorong'a aliangalia chini, akasema ni mambo madogo, ataniambia. Mtu mwenye haki anaangalia chini?

Nikaamua kumwahi kabla hajaniwahi. Nikapata mnunuzi Sirari, mtu wa ng'ambo ya mpaka, nikapanga kuiuza ndege bila Saidi kujua. Ndiyo, wasomaji... mimi niliyekuwa namwita mwenzangu msaliti! Asubuhi niliyokwenda kuonana na mnunuzi huyo, pini ilikuwa mfukoni mwangu.

Tukiwa katikati ya mazungumzo simu ikaita. Saidi. Nikaiacha. Ikaita tena. Mara ya tatu nilitabasamu, nikawaza kwamba leo mwamba wake utamsubiri. Nikaizima kabisa.

Niliiwasha saa sita mchana. Ujumbe ukaingia, umetumwa tangu saa mbili.

"Ng'ombe wa mzee wamechukuliwa Gorong'a. Niletee pini haraka."

Sijui nilipandaje pikipiki. Najua tu kwamba nilipofika Gorong'a niliona watu wamejaa kwenye shamba la mahindi, na juu ya mahindi bawa la kitambaa limelala, limechanika. Saidi alikuwa chini, wamemfunika khanga.

Baba yangu alikuwa amekaa kwenye udongo pembeni yake. Mzee yule simjui kwa machozi, lakini siku ile alilia mbele ya watu. Ndipo nikaelezwa yote. Majuma kadhaa nyuma, baba alikuwa ameona nyayo za watu wakilizunguka zizi lake. Akamwomba Saidi apite juu asubuhi asubuhi, amwangalizie vichakani kama kuna watu. Saidi akikuta salama anampigia simu. Huyo ndiye "Mzee"! Baba yangu mzazi!

"Nilimkataza asikuambie, mura," baba alisema. "Ungesikia, ungeshika panga ukaenda kuua au kuuawa."

Asubuhi ile wezi walipochukua ng'ombe ukapigwa mwano, ule ukelele wetu wa kuita watu, lakini wanyama walikuwa wameshatokomea kwenye pori. Baba akampigia Saidi. Saidi akanitafuta mimi. Aliponikosa, akachukua bolti ya karasha letu akaichomeka mahali pa pini. Fundi kama yule hakujua kwamba haifai? Alijua! Lakini mzee alikuwa anamlilia kwenye simu.

Aliwapata ng'ombe wakiswagwa kuelekea mtoni. Akawa anazunguka juu yao ili vijana waliokuwa wakikimbia chini waone pa kwenda. Wezi wakawaacha wanyama wakakimbia. Alipogeuka kurudi, bolti ikakatika. Watu waliona bawa likipinduka. Mwavuli wa dharura haukuwepo, na mnajua ni nani aliyeukataa.

Ng'ombe wote ishirini na watatu walirudi zizini. Hakupotea hata ndama.

Sasa ungamo langu lenyewe. Waliokuja kuchunguza ajali walikuta vipande vya bolti, wakaniuliza pini halisi iko wapi. Nikasema sijui. Ilikuwa mfukoni, naigusa kwa vidole huku nawajibu! Mazikoni Mugumu watu walinong'ona kwamba Saidi alijiua kwa uzembe, kwamba alizoea kuungaunga vyuma vya machimboni. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilinyamaza. Nilimwacha rafiki yangu azikwe na kosa langu.

Mwaka jana nilishindwa kuendelea. Nikaenda Mugumu kwa Zainabu, mjane wake. Aliniandalia chai kama kawaida yake. Nikaitoa pini, nikaiweka kwenye mkeka, nikamwambia kila kitu, pamoja na habari ya mnunuzi wa Sirari. Nilitegemea anifukuze. Nilitaka anifukuze!

Aliiangalia pini pale mkekani.

"Najua kuhusu pini, shemeji," alisema. "Asubuhi ile alinipigia. Alisema amekukosa, ataweka bolti. Nikaanza kukulaumu. Akaniambia nisikulaumu, ndivyo mlivyozoea, siku moja utaacha."

Nikamwomba aichukue, aitupe, aifanye anavyotaka. Akaisukuma kwa kidole kwenye mkeka mpaka ikagusa goti langu.

"Kaa nayo," akasema. "Hiyo ndiyo nusu yako."

Wasomaji wenzangu, kurusha vile vindege ni raha, Saidi aliniambia na nilimwona alivyong'aa. Kama una hamu nayo, soma, lipia vyote vinavyotakiwa, na usimruhusu mtu mwenye roho kama yangu aguse hata pini moja. Na wewe unayemshuku mwenzako, muulize. Akiangalia chini, muulize tena kesho. Na akikupigia simu, pokea... nawaombeni sana, pokeeni!

Pini ipo hapa kwenye droo ya duka, pamoja na spoku na mipira ya breki. Wateja wengine huiona wakaniuliza ni ya baiskeli gani. Nawaambia haiuzwi.