Dakika Ishirini Pale Lidcombe

Jumanne saa saba mchana, Coletha alisimama mbele ya kaunta ya duka la vifaa vya umeme pale Liverpool, laptop ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Alivaa gauni la kitenge cha bluu lililomkaa vizuri kiunoni, na juu yake koti jeusi la kazini, maana katika nchi hii ya kusini mwa dunia baridi ya Juni ilikuwa imeshaanza kuuma. Nyuma yake watu walipishana na mifuko yao, na harufu ya vitunguu vya kukaanga ilitoka kwenye vibanda vya chakula.

Ile laptop ilikuwa na siku sita tu tangu itoke kwenye boksi. Asubuhi hiyo alibonyeza kitufe, haikuwaka. Akabadilisha soketi, akabonyeza tena, akasubiri, akabonyeza mpaka kidole kikauma. Hakuna hata kijitaa kimoja kilichowaka. Sasa muuzaji alikuwa anamweleza kwa upole kwamba asiwe na wasiwasi, waranti ipo, wataipeleka kiwandani na baada ya siku kumi atapata nyingine mpya. Kazi zilizokuwa ndani, hizo zingepotea.

Coletha alikuwa mfasiri. Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na kurasa arobaini na mbili za maelezo ya Mrundi mmoja aliyeitwa Méthode, aliyekuwa amezuiliwa Villawood, kwenye kizuizi cha wahamiaji, miezi kumi na minne akisubiri kujua kama atarudishwa kwao. Méthode aliyasimulia kwa Kiswahili, na Coletha alikesha wiki tatu kuyaweka kwa Kiingereza. Kanuni za ofisi yake zilikataza kuyaweka mtandaoni wala kuyatuma kwa barua pepe. Alipohamia laptop mpya aliifuta ya zamani, kama kanuni zilivyotaka. Mwanasheria alitakiwa kuyawasilisha Alhamisi kabla ya saa kumi jioni.

"Nitamwambia nini mtoto wa watu," alijisemea.

"Ilijizima yenyewe ama uliizima wewe?"

Aliyeuliza alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Mrefu, ndevu zimechongwa vizuri, sweta la kijivu, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni. Jina lake Muriuki, Mkenya, fundi wa mashine za hospitali, zile za dripu na za kupimia mapigo ya moyo. Alikuja kununua waya wa simu tu.

Coletha alimtazama juu mpaka chini, akajibu kwamba aliizima mwenyewe jana yake, ikiwa nzima kabisa.

Walikaa kwenye benchi karibu na ngazi za umeme. Muriuki alichomoa chaja, akashikilia kitufe kwa sekunde thelathini ili umeme uliobaki ndani uishe, akachomeka tena. Kimya. Akajaribu chaja yake mwenyewe. Kimya. Akaweka sikio juu ya kibodi akasikiliza, halafu akatikisa kichwa. Alieleza kwamba umeme haufiki ndani kabisa, lakini diski yenye kazi zake huenda iko salama, na inaweza kutolewa. Shida ni kwamba akishaifungua, duka halitakubali tena kuibadilisha.

"Fikiria vizuri," alisema. "Ni mpya hii."

"Laptop nitanunua nyingine. Ifungue."

"Bisibisi ndogo ziko nyumbani, Lidcombe. Niachie, jioni nitakupigia."

"Siiachi, kaka yangu. Hata ungekuwa askofu."

Muriuki akacheka kwa mara ya kwanza. Akamwambia basi aje nayo. Anaishi na dada yake Njeri, nesi, na leo hayuko kazini, kwa hiyo asiogope.

Kwenye treni hawakuongea sana. Coletha aliipakata laptop na kuhesabu saa zilizobaki. Njeri aliwapokea kwa chai, akawaachia meza ya jikoni wafanye kazi yao. Muriuki alifungua skrubu moja baada ya nyingine akizipanga kwenye kisahani, akanyanyua kifuniko cha chini, akatoa diski nyembamba kama pakiti ya ubani wa kutafuna. Akaichomeka kwenye kompyuta yake. Kioo kikaomba namba za siri, arobaini na nane.

Namba zenyewe Coletha alizipata kwenye simu yake. Muriuki akampisha kiti, akaenda kusimama dirishani akiwa amewapa mgongo yeye na kioo. Mara ya kwanza namba zilikataliwa. Coletha alifuta jasho la viganja kwenye gauni, akaanza upya, akizisoma kimoyomoyo. Mara ya pili diski ikafunguka. Kurasa zilikuwepo. Rekodi zote za sauti ya Méthode zilikuwepo. Akafunika uso kwa mikono.

Walipoanza kuhamishia kila kitu kwenye flashi, simu ya mwanasheria iliita. Ndani mtandao ulikatikakatika, ikabidi atoke barazani. Alizungumza dakika ishirini. Aliporudi, alikuta kazi imekwisha, diski imeshachomolewa, na flashi imewekwa juu ya kitambaa safi mbele ya kiti chake. Alicheka kwa furaha mpaka Njeri akaja kuangalia kulikoni. Muriuki alitabasamu, lakini akainamia skrubu zake.

Alhamisi saa tisa kasoro, maelezo yalimfikia mwanasheria. Coletha alimpigia Muriuki kumshukuru, na simu ile ilichukua saa nzima.

Baada ya hapo simu zikawa za kila siku. Muriuki alimpigia asubuhi Coletha akiwa kwenye treni, na mchana akiwa anakula.

"Umekula nini, mrembo?"

"Wali na samaki. Wewe?"

"Nimekula hiyo sandwichi ingine ya jana."

"Hiyo nyingine, Muriuki. Hata ukiwa na njaa, sarufi ipo."

"Basi nifunze. Jumamosi nikuje mapema?"

"Uje. Unaona? Uje mapema, kipenzi."

Jumamosi walitembea kando ya mto pale Liverpool, Coletha na skafu ya manjano, Muriuki na lile sweta lake la kijivu ambalo alikuwa ameambiwa linampendeza. Wiki ya nne Muriuki alimshika mkono, naye hakuutoa. Coletha alikuwa na miaka thelathini na moja, na kwa muda mrefu hakuwa amemngoja mtu yeyote kwa hamu namna ile.

Wiki ya sita, Jumapili, baada ya ibada, wanawake walikuwa wanakunywa chai ukumbini. Mama mmoja aitwaye Verdiane, mwenye gauni la kijani na sauti ya kubeba ukumbi mzima, alikuwa anawasimulia wenzake habari za Mrundi aliyeko Villawood. Maskini, alisema, alijificha siku tatu ndani ya tangi la maji akiwa na binti yake mgongoni. Kikombe kilisimama njiani kuelekea mdomoni kwa Coletha. Tangi hilo lilikuwa ukurasa wa kumi na saba. Aliukumbuka kwa sababu ulimliza.

Kesho yake mkuu wake wa kazi alimwita. Kulikuwa na malalamiko kwamba siri za mteja zinazungumzwa kanisani. Alimuuliza swali moja: zaidi yake, nani mwingine aliwahi kuigusa ile kompyuta? Coletha alihisi leseni yake ikimponyoka. Alifikiria kurudi kwao Bukoba mikono mitupu. Alifikiria dakika ishirini barazani. Akasema kuna fundi. Akaulizwa jina na mahali anapofanya kazi, naye akavitaja vyote viwili.

Alipotoka tu nje, alipiga simu.

"Muriuki, siku ile nilipotoka na simu, ulisoma?"

Upande wa pili bisibisi iliwekwa mezani.

"Nilifungua faili moja nione kama limetoka zima," alijibu. "Nikasoma mistari mitatu hivi. Nikafunga."

"Ukurasa gani?"

"Sikuangalia. Palikuwa na tangi la maji."

Coletha alijiegemeza ukutani.

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna mtu. Hata Njeri. Kole, nisikize..."

Akakata. Simu iliita mara saba jioni ile, na kila ilipoita aliigeuza kifudifudi. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kwa wiki sita alizungumza na mtu huyu kila siku, akala naye, akacheka naye, na neno hilo hakuambiwa. Kama angeweza kuficha hilo, angeshindwaje kuficha mengine?

Siku kumi zilipita. Ya kumi na moja alipigiwa na Njeri, ambaye hakumsalimia. Alisema ofisi ya Coletha iliandika barua hospitalini, na kwa kuwa mashine anazozishughulikia Muriuki hubeba habari za wagonjwa, amesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Viza yake ilitegemea kazi hiyo.

"Yeye hakulaumu," Njeri alisema. "Mimi ndiyo nakulaumu."

Coletha alikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya Njeri kuikata. Hakujua kwamba wangeandika barua. Lakini hakuwa ameuliza wangefanya nini na lile jina.

Wiki hiyohiyo uamuzi ulitoka: Méthode aliruhusiwa kubaki. Alipotoka Villawood aliomba kuonana na mfasiri wake, na wakakutana ofisini kwa mwanasheria pale Liverpool. Alikuja na shati jeupe lenye mikunjo ya kukaa begini, mtu mdogo wa mwili, mwenye sauti ya chini. Kabla hajashukuru chochote, Coletha alimwomba radhi. Alimweleza yaliyosemwa kanisani, akasema habari zile zilitoka kwenye mikono yake na anajuta.

Méthode alimsikiliza hadi mwisho kwa mshangao.

"Dada, ni mie mwenyewe nilisema," alisema. "Wamama wa kanisa walikuwa wanakuya kunisalimia kila samedi, hiyo Jumamosi yenu. Yule wa sauti kubwa nilimwambia mie. Nilichoka kusema hiyo maneno kwa makaratasi tu. Nilitaka mtu mmoja anililie."

Mwanasheria aliandika maneno hayo, Méthode akayatia sahihi. Alasiri ile Coletha aliandika barua yake mwenyewe kwa ofisi, akaomba nakala ipelekwe hospitalini. Hakujitetea. Alieleza kwamba ni yeye aliyeipeleka laptop nyumbani kwa mtu, ni yeye aliyeiacha dakika ishirini, na kwamba fundi alimsaidia bila kutaka chochote. Alipewa onyo la maandishi. Baada ya siku tano Muriuki alirudishwa kazini.

Coletha hakumpigia simu kumweleza. Aliona aibu kuyasema kwa simu. Ijumaa, saa kumi na moja kasorobo, alisimama kwenye jukwaa la stesheni ya Lidcombe akiwa na gauni la rangi ya zambarau na nywele amezisuka upya, treni zikiingia na kutoka kila upande. Iliyotoka Liverpool iliposimama, Muriuki alishuka na begi begani. Alimwona, akasita, kisha akaja. Alikuwa amekonda.

"Umeshaambiwa kuhusu barua?" aliuliza Coletha.

"Hospitali ndiyo iliniambia. Walinisomea barua yako."

"Ile ilikuwa ya ofisi. Yako nimekuja nayo mdomoni." Alimsogelea hatua moja. "Nilikukosea. Nilitaja jina lako kabla ya kukuuliza. Niliogopea kazi yangu, nikaitoa yako."

Muriuki alitazama reli.

"Na mimi nilikukosea," alisema. "Ulirudi kutoka nje ukicheka, nikaona nikikuambia nitakuharibia hiyo siku. Kesho yake nikaona nimechelewa. Kila siku nikaona nimechelewa."

"Ungesema, ningekasirika siku mbili."

"Najua. Sasa najua." Alihamisha begi bega la pili. "Sina hasira, Kole. Niko na woga. Kesho kutwa likitokea jambo lingine, wakuulize, utanitaja tena?"

Swali hilo Coletha alikuwa ameliogopa tangu atoke nyumbani, na jibu rahisi lilikuwepo. Hakulitumia.

"Nikiulizwa nitasema kweli," alisema. "Lakini wewe utakuwa umeshalisikia kwangu kwanza, kabla yao. Hilo ninaweza kukuahidi. Zaidi ya hapo nitakudanganya."

Treni ya kwenda mjini iliingia, watu wakawapita kushoto na kulia, mwanamke mwenye kigari cha mtoto akawaomba njia wakasogea pamoja. Milango ilifungwa. Jukwaa likabaki na watu wachache.

"Jumapili nampigia baba kule Bukoba," Coletha alisema, safari hii bila kumtazama. "Huniuliza kila mara kama kuna mtu, namwambia baba, tuongelee mvua. Safari hii nataka kumjibu. Nimwambie habari zako, au nisubiri kwanza?"

Muriuki alishusha begi kwenye benchi, akakaa kando yake, akajipangusa uso kwa kiganja kama mtu aliyetoka kazini zamu mbili.

"Atauliza nini?"

"Ukoo wako. Kanisa lako. Kama unakunywa. Halafu atauliza kama umewahi kuniliza."

"Utamwambiaje?"

"Kwamba tumelizana."

Muriuki alicheka kidogo, cheko la mtu aliyesahau kucheka. Akasogeza begi lake upande wa pili wa benchi ili ipatikane nafasi.

"Mwambie," alisema. "Lakini usimalizie wewe. Niwe hapo, nizungumze naye mwenyewe."

Coletha akakaa.