Mafuta ya Huyo Binti

Jamani, ya Anitha na yule kaka wa majani mnayo? Hamnayo. Basi kaeni vizuri, maana hii inaanzia stendi ya Mikumi, mabasi ya Iringa yanashusha, wauza mayai wanakimbilia madirisha, konda anaita Kilosa, Kilosa! Anitha kachoka kusimama, akaona boksi jeupe la barafu, akalikalia.

"Dada, samahani, hilo usilikalie."

Kaka mrefu, gambuti zina matope mekundu, shati la kaki halijui pasi. Anitha siku hiyo gauni la kitenge cha njano limemkaa kiunoni, rasta mpya hadi mgongoni.

"Kwani ndani kuna mtoto?"

"Kuna majani."

Anitha akaruka. "Bangi?"

Watu wakageuka. "Majani ya miti, dada'angu! Punguza sauti, utanifungisha."

"Majani ya miti kwenye barafu. Kumbe mganga."

"Mtafiti."

"Wote huwa mnasema hivyo."

Akacheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri, sifichi. Aliitwa Valentino, anamalizia shahada ya pili Morogoro. Gari linafika Kilosa, wameshapeana namba za simu.

Sasa Anitha ana saluni pale Mabwerebwere, hapo hapo Kilosa, na jicho lake ni la ngozi. Alichokiona kwanza ni mikono ya yule kaka: imepauka kama katoka kuzoa majivu. Na kwetu mwanaume akipauka, aibu ni ya mwanamke wake. Kama hana mwanamke, ni nafasi. Anitha akaichukua nafasi.

Akampikia mafuta kwa mikono yake: nazi, mchaichai, na nta ya nyuki aliyoagiza Malolo ili yagande vizuri. Akayatia kwenye kopo, akafunga utepe.

"Kila ukipaka, unikumbuke."

"Mpenzi, nitapaka mpaka nyuki wanifuate."

Kwa macho ya Anitha, hakupaka. Wiki zikapita, mapenzi yamenoga, posa imeshatajwa, mikono bado majivu matupu.

"Tino, umepaka?" Anitha anauliza kwenye simu.

"Nimeyatunza, laazizi."

"Kwani ni mahindi hayo ya kutunza ghalani?"

Halafu kukawa na mengine. Akikaribia kupanda milima ya Ukaguru kukata majani yake, anakaa mwisho wa benchi, mkono hashikwi. Ananawa mpaka kwenye viwiko. Na simu haipatikani kutwa.

"Ukaguru kule juu mtandao hakuna, Ani."

"Ukaguru ndiko kwetu! Mjomba Cleopa ananipigia kila siku kutoka huko huko."

"Kijijini upo. Msituni haupo."

Anitha akalihifadhi hilo.

Rafiki yake Perpetua, msusi mwenzake, hakuhifadhi kitu. "Shoga, mwanaume asiyepaka mafuta yako ana mtu anayemnusa."

Sentensi hiyo ilimlaza macho.

Wiki ya posa ikafika. Jumamosi washenga wapande kwa mjomba Cleopa, maana kwa Wakaguru mjomba ndiye mwenye neno, na mbuzi ameshanunuliwa. Siku chache kabla, Valentino kapita saluni kuaga, ananawa kwenye beseni, simu yake mezani ikaita.

"Niwekee spika, mama. Mikono ina sabuni."

Kwenye kioo cha simu: Odilia. Anitha akabonyeza. Sauti ya mwanamke ikajaa saluni nzima:

"Tino, kesho uje msafi. Nisiyasikie tena mafuta ya huyo binti mwilini mwako. Safari ile uliniharibia kila kitu."

Ikakatika. Perpetua akazima drayeri.

"Odilia ni nani?"

"Bosi wangu."

"Bosi anakunusa?"

"Ani, nisikilize, ni mambo ya majani..."

"Toka na majani yako!"

Akatoka, povu likiwa bado viganjani. Alipiga, akapiga tena, mwisho akakuta kablokiwa. "Nilikwambia, sikukwambia?" Perpetua anasema, na chanuo lake hewani. Anitha akapiga kwa mjomba.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba. Mbuzi anakusalimu."

"Mjomba, wasije."

"Umeona, au umesikia?"

"Nimesikia."

"Nenda ukaone basi. Mbuzi namwacha kwenye kamba."

Kesho yake Anitha akavaa kivita. Gauni jekundu, wanja, lipstiki ya zambarau iliyoiva. Na yale mafuta akajipaka hadi anang'aa kama sufuria mpya, huyo Odilia ayasikie kuanzia getini. Mpaka Mikumi, gesti alikofikia Valentino na watu wake wa utafiti.

Barazani kakaa mama wa makamo, mvi kichwani, gambuti miguuni, glavu mikononi, anafunga majani kwenye foili.

"Shikamoo," ikamtoka Anitha. Jamani! Kamwamkia adui!

"Marahaba, mwanangu. Usisogee." Yule mama akavuta hewa. "Eeh. Ndiyo wewe."

"Ndiyo mimi! Na hivi mnavyoficha ni nini?"

Anitha akatia mikono yote miwili kwenye boksi, akachomoa bunda, akararua foili. Majani yakamwagikia viganjani: mazito, ya kijani kibichi, yanateleza. Odilia akakaa chini kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

Valentino katokea na birika la chai, akasimama. "Ani. Hayo ni ya juu kabisa, ya kilele cha Ukaguru."

"Ya juu kabisa ndiyo nini?"

Birika akaliweka chini. "Pitisha kidole juu ya jani. Unasikia linavyoteleza? Ni nta. Mti unajipaka, kama wewe, usikauke. Kule juu kwenye ukungu na baridi unajipaka namna yake, huku Mikumi kwenye joto namna nyingine. Na ile nta haiozi upesi. Jani likianguka, nta inaingia kwenye matope, inakaa maelfu ya miaka, ina alama ya mvua ambayo mti ulikunywa. Tukiijua ya miti ya leo, chini mpaka juu, tunaweza kuyasoma matope ya zamani: hapa palikuwa na joto, hapa mvua ilipungua. Unajua mto ulivyoingia majumbani Kilosa. Watu wanauliza hali ya hewa inakwenda wapi. Lazima tujue ilikotoka."

"Na mafuta yangu?"

Odilia akadakia. "Mafuta yako yana nta ya nyuki, na kwenye mashine inafanana na ya majani kama pacha. Huyu bwana alijipaka mara moja, glavu ikachanika, majibu yakaja ya ajabu. Nilidhani mti umefuga mzinga!"

Anitha akatazama mikono yake inavyong'aa. Akamgeukia Valentino.

"Ulijipaka?"

"Wiki ile ile uliyonipa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliyapika mwenyewe. Ningekwambiaje mafuta yako ndiyo adui wa kazi yangu?"

"Kwa mdomo, Tino! Kwa mdomo!"

Hata Odilia alicheka, ila hakucheka sana. Yale aliyoyashika Anitha yameshaharibika, na bila majani ya juu, shahada ya Valentino hakuna. Kupanda tena ni kurudi Jumamosi yenyewe, siku ya posa.

"Ni mlima wa kwetu," Anitha akasema. "Nipeni maji na sabuni ya mche."

Akajisugua hadi mabegani. Mwenye saluni, binti ambaye hajawahi kutoka nyumbani bila kung'aa, akapanda Ukaguru amepauka, kitenge kiunoni, glavu mikononi. Valentino anakata matawi kwa mkasi wenye mpini mrefu, yeye anapokea, anafunga foili. Ukungu unapita kati ya miti kama moshi wa jikoni. Katikati ya kazi akaitoa simu, akainyanyua juu.

"Kweli mtandao haupo."

"Ulidhani?"

"Bado nadhani. Funga boksi."

Jumamosi wakateremkia moja kwa moja kwa mjomba. Washenga wameshakaa, vigelegele vikaanza, vikakatika njiani.

"Mwali gani huyu?" shangazi mmoja akauliza. "Mbona kama ukuta wa shule?"

Perpetua, aliyepanda kutoka Kilosa anameremeta, akajishika mdomo.

Odilia, aliyeteremka nao, akazungushia boksi la majani selotepu, akaligonga. "Tayari. Hakiingii kitu."

Valentino akafungua begi lake, akatoa kopo. Utepe wa Anitha bado unaning'inia. Akapaka viganja, mikono, shingo, uso, mbele ya watu wote, mpaka harufu ya mchaichai ikaingia kwenye pilau. Halafu akamwendea Anitha, akasimama.

Anitha akamshika mkono wa kulia, akaunusa. Akaunusa na wa kushoto. Akapanda shingoni, hana haraka, wakwe wanaangalia chini.

"Haya, mwanangu," mjomba akauliza. "Ya nani hayo?"

"Yangu."

"Mleteni mbuzi."